Banda la kuku kwa mfugaji mwenye goti bandia: shajara ya mradi, Nkuhungu, Dodoma

Shajara hii tunaiweka kwa ajili ya wanaofuga kuku wachache nyumbani huku wakisubiri kubadilishiwa goti au nyonga, au ndio kwanza wametoka hospitali. Banda lenyewe ni la kawaida: mita 3 kwa 2, matofali ya kuchoma hadi kiunoni, wavu juu yake, paa la bati. Ndani wamo tembe (kuku majike wa kutaga) 15, chotara na kienyeji, na jogoo mmoja. Mfugaji ni mama wa makamo ambaye goti lake la kulia limesagika, na upasuaji umepangwa Agosti. Tuliamua mapema kwamba kazi yote ya ujenzi iishe kabla hajaingia hospitali. Fundi akigonga nyundo wakati mgonjwa yuko kwenye fremu ya kutembelea, ua unajaa misumari, vipande vya mbao na mashimo, na hapo ndipo watu huanguka.

2 Juni 2024. Kupima mwili kwanza

Kabla ya kununua chochote tulimpima mfugaji akiwa amevaa viatu. Kutoka chini hadi kifundo cha mkono ni sentimita 82, hadi kiwiko 98, na nyuma ya goti 44. Fremu ya kutembelea tuliyoazimiwa ina upana wa sentimita 64. Namba hizo nne ndizo zilizoamua kila kitu: reli ya kushikilia iwe sentimita 82, sehemu za kushika mayai na chakula ziwe kati ya 80 na 100, kiti kiwe 48 au zaidi, na njia isipungue mita 1. Ukiiga mradi huu, usichukue namba zetu. Pima za kwako.

Kisha tuliandika kila kazi inayomlazimisha kuinama, kuchuchumaa au kupiga magoti: sufuria ya maji chini, beseni la pumba chini, viota vya chini ukutani, kimlango cha sentimita 120, kufagia, na kukimbiza kuku wa kuchanjwa. Karibu kila kitu kwenye banda la kienyeji kiko chini ya goti.

Kwa mwenye nyonga bandia jambo ni zito zaidi. Wengi huambiwa wiki za mwanzo wasikunje nyonga kupita nyuzi 90, wasipishanishe miguu, wala wasizungushe mguu kwa ndani, kwa sababu nyonga inaweza kuchomoka. Kuokota yai moja chini ni kuvunja masharti hayo kwa mpigo. Goti halina hatari hiyo ya kuchomoka, lakini mwanzoni halijikunji vya kutosha kuchuchumaa, na kulipigia magoti ni jambo la baadaye, kwa ruhusa ya daktari.

16 Juni 2024. Njia, reli na mlango

Njia ya zege ya mita 9 imemwagwa kutoka mlango wa jikoni hadi bandani, upana mita 1, unene sentimita 7.5. Pale jikoni palikuwa na ngazi ya sentimita 15, tukaifuta kwa mteremko wa sentimita 180, yaani kila sentimita 1 ya kimo ilipata 12 za urefu. Mkali zaidi ya hapo, fremu inamvuta mtu mbele. Kimlango kimebomolewa na kuwekwa mlango wa sentimita 90 kwa 190.

Gharama kwa shilingi: saruji mifuko 5 kwa 17,000 kila mmoja, mchanga na kokoto 90,000, mabomba ya chuma ya reli ya inchi moja na nusu matatu kwa 38,000 kila moja, ufundi na kibarua 120,000. Jumla 409,000.

Kilichoharibika: fundi alimalizia njia kwa niru (saruji laini ya kusugua) ikang'aa kama sakafu ya sebuleni. Ilipendeza. Kuku wawili wakapita juu yake, yakamwagika maji kidogo, na mtu mwenye miguu mizima akateleza. Kinyesi kibichi cha kuku juu ya niru ni sabuni tupu. Tulirudi na grainda, tukachora mistari ya kukingama njia, kina cha milimita 3 hadi 4, kila baada ya sentimita 3 (30,000). Fundi akiambiwa mapema apitishe ufagio mgumu juu ya zege bichi badala ya niru, gharama hiyo haipo. Mwagilia zege kwa siku 7, maana jua la Dodoma na upepo wa Juni hulikausha kabla halijashika.

Ikabidi pia njia yenyewe itengwe na kuku. Wavu wa kimo cha mita 1.2 umepita upande mzima wa njia (75,000). Kuku wakisikia ndoo hukimbilia miguuni, na mtu mwenye magongo hana namna ya kuwakwepa. Kwa maoni yetu huu ndio wavu muhimu kuliko yote iliyopo uani.

30 Juni 2024. Viota na vichanja

Viota vinne vimejengwa ukutani vikitokeza nje, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kimo 35. Kiota kimoja kinatosha tembe wanne hadi watano. Kifuniko chenye bawaba kiko upande wa nje: mfugaji anasimama kwenye zege, anainua kifuniko, anachukua mayai bila kuingia bandani. Sakafu ya kiota iko sentimita 85 kutoka chini. Plaiwudi ubao mmoja 48,000, mbao za 2×2 nane 28,000, bawaba na komeo 12,000, misumari na skrubu 9,000, ufundi 60,000. Jumla 157,000.

Hapa ndipo kazi ilipogoma. Vichanja vya kulalia vilikuwa sentimita 60, vimekuwepo tangu zamani na hakuna aliyevifikiria. Kuku hulala mahali pa juu kuliko pote panapopatikana. Viota vilipopanda hadi 85, vikawa ndivyo vilivyo juu, na usiku ule ule kuku wakahamia humo. Asubuhi viota vimejaa kinyesi, mayai machafu, na tembe wasafi wakaenda kutaga chini kwenye kona yenye giza. Kwa hiyo mradi wa kuondoa mayai sakafuni ukawa umeyaongeza.

Marekebisho yalikuwa matatu. Vichanja vimepandishwa hadi sentimita 110, fito za mviringo, kila kuku akipata sentimita 20 hadi 25. Kwa kuwa chotara ni wazito na wakiruka kutoka kimo hicho huumia nyayo na kuota majipu, umewekwa ubao wa kupandia wenye vipande vya kukanyagia kila baada ya sentimita 15. Mbele ya viota imewekwa fito ya kutua na pazia la gunia lililochanwa katikati, kwa sababu tembe anayetaka kutaga hutafuta giza. Jioni pazia linafungwa kwa kamba inayovutwa kutoka nje, na alfajiri linafunguliwa. Gharama 21,000.

Bado walikuwapo tembe wakaidi. Mawe meupe laini ya ukubwa wa yai, mawili kila kiota, yaliwarudisha wengi. Kwa mayai machache yanayoendelea kutagwa chini kuna upawa uliofungwa kwenye mpini wa ufagio: unasimama mlangoni, unalikokota yai hadi kwenye upawa, unaliinua. Usidharau kifaa hiki. Mtu akiliona yai chini na hana cha kulifikia, atainama tu.

14 Julai 2024. Chakula na maji

Kuku 16 wakila gramu 120 kila mmoja ni karibu kilo 2 kwa siku. Lengo lilikuwa chakula kijazwe mara moja au mbili kwa wiki, na kijazwe kwa kopo, si kwa kubeba mfuko.

Bomba la kwanza la chakula lilikuwa la plastiki la inchi 3 na kona ya nyuzi 90 chini. Chakula chetu ni cha kuchanganya nyumbani: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, chokaa, mifupa, virutubisho na chumvi kidogo. Mashudu ya hapa kwetu yana mafuta, na pumba ni laini, kwa hiyo vikishuka vinashikana kwenye kona na kujenga daraja. Juu bomba limejaa, chini kuku wanadonoa plastiki. Mtu anayeangalia juu tu ataapa kuku wamekula. Bomba hilo limeachwa (18,000 zimekwenda).

Jipya ni la inchi 4, mawili ya mita 1.2, na kona ya nyuzi 45 badala ya 90. Bomba la mita 6 limegharimu 26,000, kona 9,000, vifuniko 6,000, gundi 5,000, jumla 46,000. Kila bomba linachukua kilo 6 hivi, kwa hiyo yote mawili yanatosha kama siku 6. Mahindi sasa yanaparazwa badala ya kusagwa laini, na bomba linagongwa kwa kiganja kila asubuhi. Mdomo wake uko kimo cha mgongo wa kuku. Ukishuka zaidi ya hapo wanachakura na kumwaga, na pumba iliyomwagika huita panya. Panya huita nyoka.

Mfuko wa kilo 50 hauguswi na mfugaji. Ukifika, msaidizi anaumimina kwenye pipa lenye mfuniko lililoinuliwa juu ya matofali, mdomo ukiwa kiunoni, na kopo la kilo 1 ndani yake.

Maji: ndoo ya lita 20 juu ya kibao, bomba la robo tatu inchi kutoka chini yake, na chuchu tano za kunyweshea (vali ndogo ambazo kuku akizidonoa hutoa matone). Ndoo 7,000, chuchu 7,500, bomba 9,000, boya 10,000, mpira wa mita 15 kwa 30,000. Jumla 63,500. Matatizo yalikuja kwa zamu:

Maji yalitoka dakika chache yakakatika, japo ndoo imejaa. Mfuniko ulikuwa umebana mno, hewa haiingii. Tundu moja la msumari kwenye mfuniko, limefunikwa kwa kitambaa cha wavu kuzuia vumbi, likamaliza.

Kuku hawakujua kwamba chuchu ni maji. Tulibonyeza kila chuchu kwa kidole mbele yao hadi matone yakaning'inia, na sufuria ya zamani ikaachwa siku chache, kila siku ikitiwa maji kidogo zaidi. Usiiondoe ghafla. Kuku akikosa maji siku moja tu, utagaji unashuka.

Maji ya visima vya huku yana chokaa. Chuchu zilianza kuota ukoko mweupe na kuvuja au kuziba. Zinafunguliwa, zinalowekwa kwenye siki usiku kucha, zinasuguliwa kwa mswaki. Fanya hivyo kila mwezi, usisubiri zizibe.

Mpira wa kujazia ulikuwa umelala kukatiza njia. Huo ni mtego. Umepandishwa kwenye nguzo za wavu, na boya linafunga maji ndoo ikijaa. Siku za mgao wa maji msaidizi anajaza kutoka kwenye pipa la akiba.

28 Julai 2024. Kabla ya hospitali

Chanjo ya mdondo (kideri, ugonjwa wa Newcastle), aina ya I-2, imetolewa usiku: tone moja kwenye jicho la kila kuku. Vichanja vya sentimita 110 vimeleta faida ambayo hatukuipangia, kwani kuku anashikwa akiwa amesinzia usawa wa kifua, bila mbio. Kurudia ni baada ya miezi 3.

Jogoo ameondolewa, amepelekwa kwa jirani. Tembe hutaga vizuri bila jogoo, na huyu alikuwa na tabia ya kurukia miguu. Mgonjwa wa kiungo bandia hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa siku au wiki kadhaa, hivyo mchubuko wa kucha huvuja damu zaidi. Zaidi ya hapo, jeraha la ngozi ni mlango wa bakteria, nao wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye kiungo cha chuma na plastiki, hata miaka baada ya upasuaji. Kuwang'oa huko ni kazi ngumu, mara nyingine kwa upasuaji mwingine.

Kwa sababu hiyo hiyo viroboto wa kuku wameshughulikiwa sasa. Kuku watatu walikuwa nao wameganda kuzunguka macho na kwenye kilemba. Wamepakwa mafuta ya mgando, ambayo huwaziba pumzi, maranda yote ya sakafuni yametolewa na kuchomwa, na nyufa za ukutani zimezibwa kwa saruji, maana humo hujificha papasi. Viroboto hawa huuma na watu, na mtu akijikuna usiku hujichubua.

Mahali pa kunawia palikuwa na kibuyu chirizi cha kukanyaga. Ni kifaa kizuri, lakini kinamtaka mtu asimame kwa mguu mmoja. Kimebadilishwa na ndoo ya koki juu ya meza ya sentimita 85 (12,000). Kiti cha plastiki chenye mikono, kilichoinuliwa kwa ubao hadi sentimita 50, kimewekwa mwisho wa njia (25,000).

5 Agosti 2024. Upasuaji

Kuku wote mikononi mwa msaidizi, kijana wa jirani. Maelekezo yake yamebandikwa mlangoni: gonga mabomba, bonyeza chuchu moja uone tone, okota mayai saa 5 na saa 10, funga pazia jioni. Mfugaji haingii bandani wala hagusi kuku mpaka kidonda kifunge.

19 Agosti 2024. Wiki ya 2

Pini za kidonda zimetolewa. Kwa kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Kidonda kikavu. Mfugaji sasa anatembea kwa fremu hadi kwenye viota na kurudi, asubuhi na jioni. Hiyo ni sehemu ya mazoezi aliyopangiwa, pamoja na kunyoosha na kukunja goti kitandani. Mto hauwekwi chini ya goti wakati wa kulala, hata kama unaleta nafuu, kwa sababu goti linazoea kujikunja na kunyooka kunakuwa shida.

Tatizo jipya ni kubeba mayai, mikono yote miwili ikiwa kwenye fremu. Kikapu kilichotundikwa mbele kiliivuta fremu ikainamia mbele. Aproni yenye mfuko ilibana mayai kwenye chuma, yakapasuka. Kilichofaa ni kopo la plastiki la lita 2 lenye maranda, limefungwa katikati ya fimbo ya kukingama, upande wa ndani. Mayai 12 ya gramu 50 ni gramu 600 tu, na fremu haijui kama yamo.

Kandambili ni marufuku kwenye njia. Viatu ni raba za kufunika kisigino, pana, kwa kuwa mguu huvimba jioni. Akirudi, ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa goti. Kinyesi cha kuku hubeba bakteria wa salmonela, nao hawaonekani kwenye mkono.

Dalili zilizobandikwa jikoni, ambazo hazingojei kesho: shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, kidonda kutoa majimaji au usaha, wekundu unaosambaa, homa.

16 Septemba 2024. Wiki ya 6

Fremu imerudishwa, sasa ni mkongojo mmoja. Unashikwa mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Watu wengi wanaushika upande wa mguu mgonjwa na kuulemea. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na mguu wenye goti bandia ndio unaotangulia kushuka.

Anajaza mabomba kwa kopo mwenyewe. Anageuza maranda kwa reki ya mpini mrefu akiwa mlangoni, barakoa usoni. Kabla ya kufungua mlango anarusha konzi ya mtama kupitia wavu hadi kona ya mbali, na kuku wote wanakimbilia huko. Kubadilisha maranda yote bado ni kazi ya msaidizi.

Jioni moja goti lilivimba na kupata joto baada ya kusimama muda mrefu akipanga mayai ya kuuza. Mguu ukainuliwa, barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, na asubuhi ukawa umeshuka. Meza ya mayai imesogezwa kando ya kiti. Kazi ya kukaa isifanywe kwa kusimama.

28 Oktoba 2024. Wiki ya 12, na joto

Chanjo ya mdondo imerudiwa. Joto la Oktoba limeonyesha dosari ya maji: bomba la kunyweshea linapigwa jua la mchana, maji yanakuwa ya moto, kuku wanahema midomo wazi huku chuchu zimejaa. Kuku hanywi maji ya moto. Bomba limefunikwa kwa gunia linalolowanishwa, ndoo imehamishiwa kivulini, na saa 7 mchana maji yanayokaa kwenye bomba yanamwagwa kwa koki ya mwisho. Maji yanayonywewa yamepanda hadi karibu lita 8 kwa siku.

Goti linajikunja vizuri kwa kukaa na kupanda ngazi. Kupiga magoti hakujaanza, na banda halihitaji.

Jumla hadi leo: 856,500, pamoja na bomba lililoachwa na mistari ya grainda. Hizo mbili ni 48,000 ambazo anayeiga anaweza kuziokoa.

15 Desemba 2024. Mvua

Maji ya paa yanaanguka moja kwa moja kwenye njia na kurushia matope ukutani. Maranda karibu na mlango yalilowa, harufu kali ya mkojo ikaanza, na hapo kuhara damu kwa kuku kuko karibu. Maranda mabichi yametolewa, yakawekwa maganda ya karanga makavu. Mfereji wa bati umefungwa ukingoni mwa paa na kuelekezwa kwenye mgomba (35,000). Mistari ya grainda imejaa matope, hivyo inasuguliwa kwa brashi ndefu kila Jumamosi, vinginevyo zege linarudia kuteleza kama wakati wa niru.

Kilichobaki: bati la kivuli juu ya kiti, na chanjo ya mdondo mwishoni mwa Januari.